Bweta la Babu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Medali, Nishani na Beji za Kijeshi Zanzibar

Maswali haya hutufikia kutoka Mji Mkongwe, Ng'ambo, Makunduchi, Chake na Wete, na kutoka kwa Wazanzibari walioko Muscat, Dubai na London waliorithi bweta la wazee na hawajui wafanye nini nalo. Aliye na haraka asome angalau swali la kwanza na la pili kabla ya kwenda sokoni Darajani.

Nimekuta medali kwenye kasha la marehemu babu. Nianze na nini?

Anza kwa kuiacha kama ilivyo. Usiisugue, usiutoe utepe wake hata kama umechakaa, na usiitenganishe na vitu ilivyolazwa navyo. Kifungo cha shaba, bahasha iliyopasuka, cheti cha kuachishwa jeshi, picha ya mtu aliyevaa tarbushi, hata kipande cha karatasi chenye namba tu: vyote hivyo ni sehemu ya medali. Piga picha bweta zima kabla hujatoa kitu.

Kisha kaa na wazee. Muulize bibi au ami babu alikwenda wapi, alirudi lini, alikuwa na cheo gani, nani alikwenda pamoja naye. Yaandike kwa maneno yao wenyewe, usiyapambe. Mtu akikwambia "alikuwa Keya, akapelekwa Bama", andika hivyo hivyo, maana Keya ni KAR, jeshi la King's African Rifles lililoundwa 1902, na Bama ni Burma. Maneno mawili hayo yanatosha kumwonyesha anayejua ni medali gani atarajie kuziona.

Ukingoni kuna herufi ndogo ndogo. Zina maana gani?

Hapo ndipo penye mali. Medali nyingi za Kiingereza za Vita vya Kwanza zilitolewa zikiwa na namba ya askari, cheo, jina na kikosi vilivyogongwa ukingoni. Kwenye nyota za wakati ule, maandishi yako nyuma. Medali mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kuachana sana kwa bei kwa sababu ya herufi hizo tu.

Chukua lenzi, ile anayobana sonara jichoni, na mwanga wa dirishani. Namba ya mwanzo ni ya mtu. Baada ya jina huja kikosi: "K.A.R." ikitanguliwa na tarakimu ni batalioni. Ukiona 7, tulia. Batalioni ya Saba ya KAR iliundwa 1917, na kiini chake kilikuwa askari wa Zanzibar na Mafia. Haikudumu, kwa hiyo vitu vyake ni adimu, na kwa mtu wa hapa ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Usishangae jina likiandikwa vibaya. Karani wa Kiingereza aliandika alichosikia, ndiyo maana utakuta Feruzi, Faruz na Feruz kwa mtu mmoja, na "bin" huandikwa kwa namna tatu nne. Tofauti ya herufi haithibitishi kwamba medali si ya babu yako. Namba ya askari ina nguvu zaidi kuliko tahajia ya jina.

Nitajuaje ni ya miaka gani?

Tazama kichwa cha mtawala na jina lililomzunguka. Victoria ni mpaka 1901, Edward wa Saba 1901 hadi 1910, George wa Tano 1910 hadi 1936, George wa Sita 1936 hadi 1952, kisha Elizabeth. Majina yameandikwa Kilatini, kwa hiyo George ni "GEORGIVS". Ukiona "IND: IMP", maana yake Kaizari wa India, hiyo ni kabla ya mwisho wa miaka ya 1940, India ilipokwisha kujitawala.

Kwenye beji mara nyingi hakuna kichwa, kuna taji tu. Taji ambalo matao yake yamepanda na kuwa duara juu ni la wafalme wa karne ya ishirini mpaka 1952. Taji ambalo matao yake yamebonyea katikati ni la enzi ya Elizabeth. Kwa jicho lililozoea, hilo ni jambo la sekunde moja.

Babu alipigana Vita vya Kwanza. Nitarajie kuona nini?

Medali mbili, pengine tatu. Ya kwanza ni ya fedha, kipenyo milimita 36, upande mmoja kichwa cha George wa Tano, upande wa pili mtu aliye uchi juu ya farasi, na miaka 1914 na 1918. Utepe wake una rangi ya chungwa katikati, kisha nyeupe, nyeusi, na buluu kwenye pindo. Ya pili ni ya shaba, ina mwanamke mwenye mabawa, nyuma imeandikwa "THE GREAT WAR FOR CIVILISATION 1914-1919", na utepe wake una rangi za upinde wa mvua. Ya tatu, kwa walioingia vitani mapema, ni nyota ya shaba yenye maandishi "1914-15".

Medali hii ya farasi ilitolewa pia kwa shaba badala ya fedha kwa baadhi ya vikosi vya vibarua, kama vile vya Wachina, Wahindi na Wamalta. Ni chache mno ukilinganisha na za fedha, ambazo zilipita milioni sita. Kwa hiyo ukipata ya shaba usiidharau kwa kuwa "si fedha". Mara nyingi hiyo ndiyo inayotafutwa.

Angalia pia utepe wa ile ya upinde wa mvua. Ukiwa na kipande kidogo cha shaba chenye umbo la jani la mwaloni, mwenyewe alitajwa kwenye ripoti ya kamanda kwa kazi aliyoifanya. Watu hudhani ni pambo na kulitupa.

Vita vile vilifika mpaka bandarini kwetu. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilitokea upande wa Rufiji na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga Unguja kutengenezwa mitambo. Mabaharia waliokufa wamezikwa Chapwani, kisiwa ambacho wengi wanakiita Kisiwa cha Makaburi. Medali za watu wa Pegasus ni zile zile tatu za kawaida, lakini jina la meli hiyo na tarehe ile huzipandisha bei. Na jengo la Beit el-Amani pale Mnazi Mmoja, lililofunguliwa 1925, lilijengwa kukumbuka vita hivyo.

Nina nyota za pembe sita, hazina jina hata moja. Ni za bandia?

Si lazima. Nyota za Vita vya Pili zilitolewa kwa askari wa Kiingereza na wa makoloni kama yetu bila jina. Za India, Afrika Kusini na Australia ndizo zilizoandikwa majina.

Katikati ya nyota kuna herufi za mfalme, "G R I" na VI, na duara lenye jina la nyota. Zinazoonekana sana kwa askari wa Afrika Mashariki ni tatu. Nyota ya 1939-45 ina utepe wa buluu iliyoiva, nyekundu na buluu ya mbingu kwa upana sawa. Nyota ya Afrika ina utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati, na walioipata upande wetu waliipata kwa mapigano ya Habeshi na Somalia ya 1940 na 1941. Nyota ya Burma ina nyekundu pana katikati, na buluu iliyoiva pande mbili, kila moja ikiwa na mstari mwembamba wa chungwa. Aliyeivaa huenda alikuwamo kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye masika yasiyokatika na malaria.

Pamoja na nyota huja medali mbili za duara zenye rangi ya fedha ambazo si fedha, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Moja ina simba amesimama juu ya joka, nyingine ina mti na simba wawili.

Nyota isiyo na jina hushika thamani yake kwa karatasi. Nyota tatu peke yake sokoni ni kitu cha kawaida. Nyota hizo hizo pamoja na cheti cha kuachishwa jeshi chenye jina, namba na alama ya kidole gumba cha babu ni habari nyingine. Na ukiona nyota ya namna hii imechongwa jina kwa mkono, fahamu kwamba hiyo ni kazi ya baadaye. Huenda mwenyewe alikwenda kwa sonara kwa fahari yake, na huenda ni mfanyabiashara aliyetaka kuongeza bei.

Medali yetu ina maandishi ya Kiarabu. Ni ya Kisultani?

Inawezekana. Nishani mashuhuri ya Zanzibar ni ile ya Kaukab, Nyota Ing'aayo, iliyoanzishwa na Sayyid Barghash mwaka 1875. Ilikuwa na madaraja, na ilivaliwa na maliwali, maafisa, na wageni ambao Sultani alitaka kuwaenzi. Jina la Sultani liliwekwa katikati kwa khati ya Kiarabu, kwa hiyo anayesoma khati ataweza kusema ni ya nani. Barghash alitawala 1870 hadi 1888, Khalifa bin Said mpaka 1890, Ali bin Said mpaka 1893, Hamad bin Thuwaini mpaka 1896, Hamoud bin Mohammed mpaka 1902, Ali bin Hamoud mpaka 1911, kisha Khalifa bin Harub mpaka 1960.

Ukiona mwaka wa Hijria, uzidishe kwa 0.97 na ujumlishe 622; utapata mwaka wa Miladi kwa kukaribia. Mwaka 1314, kwa mfano, unaangukia 1896. Aliyesoma chuo cha Kurani hatapata tabu na tarakimu zenyewe.

Nishani hizi zina rangi ya kioo iliyochomwa juu ya madini. Tazama kama imepasuka au kumeguka, maana ufa mdogo tu hushusha bei sana na haurekebishiki hapa. Ukiwa nayo, usimpe mtu akae nayo hata usiku mmoja "kuichunguza".

Kuna mtu ananiuzia medali ya vita vya dakika 38. Ninunue?

Muulize ni medali gani hasa. Mapigano ya tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Khalid bin Barghash kuingia kasri, yalimalizika asubuhi ile ile, na Waingereza hawakuyatolea medali ya peke yake. Sayyid Hamoud aliyewekwa baada yake aliwapa nishani za Kizanzibari baadhi ya maafisa waliohusika. Kwa hiyo kitu cha kweli kinachohusu siku ile ni nishani ya Kaukab yenye karatasi zake, au medali ya mtu ambaye kumbukumbu zinamwonyesha alikuwamo ndani ya mojawapo ya meli. Medali yenye maandishi "Zanzibar War 1896" iliyong'arishwa na kuwekwa kwenye kisanduku cha mahameli ni ya kuuzia watalii.

Kilicho cha kweli na kinachosahaulika ni medali ya miaka hiyo hiyo ya mapigano ya pwani, ya Witu na ya Mwele. Za Witu zina kipande cha fedha juu ya utepe chenye jina la Witu na mwaka. Ya Mwele, vita dhidi ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, haina kipande hicho: jina Mwele na mwaka vimeandikwa ukingoni. Wengi huigeuza mbele na nyuma, wakaona ni ya kawaida, wakaiuza kwa bei ya kawaida.

Hii ni kubwa, ya fedha, ina mwanamke mnene na mwaka 1780, na imetiwa kikuku, yaani kipete cha kuning'inizia. Ni nishani ya nani?

Si nishani. Ni riale ya Maria Theresa, sarafu iliyotumika pwani yote mpaka Uarabuni. Bibi zetu waliitia kikuku wakaivaa shingoni. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, kipenyo kama milimita 40. Mwaka 1780 hauna maana, kwa sababu iliendelea kupigwa na tarehe hiyo hiyo kwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Kikuku kilichochomelewa huiondolea thamani ya sarafu, lakini kama ni pambo la zamani la kazi nzuri lina wanunuzi wake.

Vivyo hivyo pesa ya shaba ya Barghash yenye mizani na mwaka 1299: watu huileta wakidhani ni beji ya hakimu.

Nina beji yenye pembe ya kupulizwa na tarakimu ndani.

Hiyo ni ya KAR, na tarakimu ni batalioni. Zilivaliwa kwenye tarbushi au kofia ya ukingo. Geuza nyuma. Beji za mwanzo hushikwa kwa vikuku viwili na pini, za baadaye mara nyingi kwa kijiti bapa kinachochomekwa. Vikuku vilivyochomelewa upya kwa madini mengi ya risasi ni dalili ya matengenezo au ya uongo. Vifungo navyo vigeuze, maana nyuma huwa na jina la kiwanda, kama Gaunt au Firmin.

Za Kijerumani je?

Zipo chache, nyingi zikitokea Bara. Msalaba wa Chuma wa 1914 umetengenezwa kwa vipande vitatu: chuma cheusi katikati na fremu ya fedha mbele na nyuma. Sumaku inashika katikati na haishiki fremu. Ule uliomiminwa kipande kimoja ni wa juzi. Sisemi mengi, kwa sababu kwa hakika msalaba wa bandia ni mwingi kuliko wa kweli popote duniani.

Na beji za Mao na za Kirusi?

Baada ya Mapinduzi ya 1964 walikuja madaktari wa Kichina, wataalamu wa Kisovieti, na Wajerumani Mashariki waliosaidia kujenga nyumba za Michenzani, na kila mmoja aligawa beji. Za Mao ni za aluminiamu, nyepesi, na zilitengenezwa kwa mamilioni mengi. Bei yake ni ya chini. Ziweke kwa ajili ya historia ya nyumba yenu.

Nitajuaje kama ni ya bandia?

Kwanza pima. Kipenyo cha milimita 36 kikitoka 35 au pungufu, shuku, kwa kuwa anayemimina nakala hutumia ya kweli kama kigezo, na madini yakipoa hunywea. Pili, tazama uso kwa lenzi. Medali iliyogongwa ina mistari mikali: nywele za mfalme zinaonekana, herufi zina kona. Iliyomiminwa ina vitundu vidogo kama chunusi na kona zilizolainika, na ukingoni mara nyingine kuna mstari ulioachwa na kalibu.

Tatu, jina. Herufi zilizogongwa kwa mashine zimesukuma madini chini kwa kina sawa, na zimejipanga. Zilizochongwa zina mkato mwembamba unaong'aa, mnene mahali pengine na mwembamba pengine. Medali mbili za Vita vya Kwanza zilitolewa na majina ya kugongwa, kwa hiyo ya kuchongwa ina swali la kujibiwa.

Nne, na hii ndiyo hila yenyewe, ni medali ya kweli iliyofutwa jina na kuandikwa jina lingine. Ishike uutazame ukingo kwa upande: uliopigwa msasa huwa na bonde, medali inakuwa nyembamba kidogo pale, na kipenyo hupungua upande mmoja. Pima sehemu tatu au nne za mduara. Zisipolingana, jina lililopo si la kwanza.

Mwisho, tafuta neno "COPY" au herufi R iliyojificha karibu na kikuku. Wengine wanauza nakala halali kwa waliopoteza za kwao, na hao huweka alama. Anayeifuta alama hiyo ndiye mwizi.

Utepe mpya si dalili ya uongo. Utepe huoza, na askari wenyewe walibadilisha.

Sonara anasema si fedha. Nimwamini?

Kwa madini, mara nyingi ndiyo. Kwa thamani, hapana. Sonara mzuri atajua fedha kwa jiwe na tindikali, lakini mkataze asikwaruze uso wala ukingo. Akibidi kujaribu, afanye kwenye kikuku, mahali pasipoonekana. Unaweza kuanza mwenyewe na sumaku ndogo: fedha haishikwi. Lakini shaba na nikeli iliyochanganywa nayo pia hazishikwi, kwa hiyo sumaku inaweza kukwambia "hapana" tu, haiwezi kukwambia "ndiyo".

Ukitaka kujua thamani ya fedha iliyomo, hesabu ni rahisi. Medali ya farasi ya 1914-18 ina uzito wa gramu 31 hivi, na fedha yake ni ya 925, yaani sehemu 925 safi kati ya 1000. Zidisha 31 kwa 0.925, unapata karibu gramu 28.7 za fedha safi. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Hiyo ni sakafu, usiuze chini yake. Mwaka 1980, fedha ilipofika karibu dola 50 kwa wakia, medali nyingi sana za aina hii ziliyeyushwa Ulaya, na majina yake yakapotea nazo.

Niisafishe kwa ukwaju kabla ya kuipiga picha?

Hapana. Ukwaju, ndimu na majivu ni vya sinia na birika. Medali iliyosuguliwa ni kama mlango wa Kizanzibari uliopigwa randa: mbao ipo, nakshi haipo. Weusi juu ya fedha na kahawia juu ya shaba ndio ushahidi wa umri, na mnunuzi anaulipia. Dawa ya kung'arishia shaba hula herufi za ukingoni kwanza, kwa sababu ndizo zilizo nyembamba.

Kinachoruhusiwa ni kupangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu. Ukiona unga wa kijani unaochimba shaba, huo si rangi ya uzee, ni ugonjwa, na unyevu wa bahari unaulisha. Toa unga kwa kijiti cha mwanzi, si kisu, na uiweke medali mahali pakavu.

Sasa niambie: thamani yake shilingi ngapi?

Hatuandiki bei hapa, kwa sababu bei ya mwaka jana hukudanganya mwaka huu. Tunaweza kukuonyesha inapotoka.

Jina na kikosi ndivyo vya kwanza. Baada yake ni sababu ya kutolewa. Medali za kushiriki vita zilitolewa kwa kila aliyekuwapo. Za ushujaa na za utumishi mrefu zilitolewa kwa wachache: KAR ilikuwa na medali yake ya utumishi mrefu na mwenendo mwema, iliyotaka miaka 18 kazini, na ilikuwa na medali yake ya ushujaa kwa askari wa Kiafrika. Hizi mbili zikitokea na jina, waite wanaojua. Kisha ukamilifu wa seti: medali tatu za mtu mmoja zina bei kuliko jumla ya medali tatu za watu watatu. Kisha karatasi. Hali ya medali huja mwisho, na ndiyo watu wanayoanza nayo.

Kujua bei, tafuta mtandaoni matokeo ya minada, yaani kiasi kilicholipwa kweli. Nyumba za mnada za London kama Noonans na Spink huyaonyesha, na eBay ina sehemu ya vitu vilivyokwisha kuuzwa. Bei ambayo mtu ameiandika na haijanunuliwa miaka miwili ni ndoto yake. Toa pia ada ya mnada na posta. Mwenye duka wa Hurumzi au Gizenga akikupa chini ya bei ya mnada hajakuibia, naye ana kodi ya kulipa. Lakini akikwambia "hizi ziko nyingi" huku hajaachia lenzi mkononi, rudi nayo nyumbani.

Warithi tuko sita na medali ziko nne. Tugawane vipi?

Tunaulizwa hili kuliko mnavyodhani. Kwa sheria ya mirathi medali ni mali kama mali nyingine, na kila mmoja ana fungu lake. Lakini fungu ni la thamani, si la kipande cha chuma. Zikadiriwe zote pamoja kama seti, mmoja azichukue kwa hesabu ya fungu lake na kuwalipa wenzake tofauti, au wote wakubaliane zikae kwa mmoja kwa amana. Yaandikeni mbele ya mashahidi, na kama kuna mgogoro nendeni kwa kadhi kabla hamjakwenda kwa mnunuzi.

Mkigawana moja moja, mmeuvunja uzi. Zikishafika kwa wanunuzi tofauti hazikutani tena, na za Vita vya Pili zisizo na jina hazitajulikana hata zilikuwa za nani.

Nina beji za JWTZ, KMKM na JKU. Mnazikadiria?

Hapana. Vitu vya vikosi vilivyopo kazini si vya kukusanya wala kuuza. Mwaka 2023 JWTZ iliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na ya jeshi, na hakuna haja ya kungojea tangazo jingine. Nishani aliyotunukiwa mzazi wako na serikali baada ya 1964 ni heshima ya nyumba yenu: itunzeni pamoja na cheti chake, msiipeleke sokoni.

Naweza kuipeleka nje kuiuza?

Uliza kwanza ofisi ya Makumbusho na Mambo ya Kale, hasa kwa kitu cha Kisultani, na upate jibu kwa maandishi. Ukiituma, tumia posta yenye namba ya kufuatilia, na usiandike "medali ya fedha" kwa herufi kubwa juu ya bahasha.

Kumbukumbu za askari ziko wapi?

Hapa kwetu anza na Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Nenda na jina kamili la babu kwa tahajia zote, kijiji, namba ya askari na miaka. Ukienda na "babu alikuwa mwanajeshi" utarudi hivyo hivyo. Uingereza, orodha za medali za Vita vya Kwanza ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Kew, London, na sehemu yake inatafutika mtandaoni. Waliokufa vitani watafute kwa tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola.

Niziweke vipi na joto na chumvi hizi?

Kila moja peke yake, kwenye karatasi isiyo na tindikali au kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila sabuni yenye manukato. Mifuko laini ya plastiki inayonuka huacha utomvu wa kijani juu ya shaba, iepuke. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya vinafaa, uvibadilishe kila baada ya muda. Kabati lisikae ukuta wa upande wa bahari. Angalia tepe mara kwa mara, wadudu wanazipenda.

Nikitaka maoni yenu nitume picha gani?

Mbele, nyuma, na ukingo wote. Ukingo upige vipande vipande, ukiizungusha medali mpaka jina lote lisomeke. Weka rula pembeni. Tumia mwanga wa dirishani asubuhi, zima taa ya simu kwa kuwa inafuta herufi. Piga na karatasi zote zilizokuwa bwetani, hata zilizoliwa na mchwa, na utuandikie wazee walisema nini. Uzito kwa gramu ukiwa nao, ongeza. Usitume picha ya cheti chenye jina la mtu aliye hai bila idhini yake.